The Monkees: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu bendi iliyotungiwa maisha

Ukiwataja The Monkees mbele ya wapenzi wa roki ya zamani, hakosekani wa kusema, "Wale? Wale si walikuwa bendi ya uongo?" Neno hilo limewaandama tangu 1966. Lina ukweli ndani yake, lakini limetiwa chumvi nyingi, na chumvi nyingine waliitia wenyewe. Hapa nimekusanya maswali ninayokutana nayo kila mara. Nimejitahidi kutenganisha kilichotungwa na televisheni, kilichotungwa na kampuni, kilichotungwa na magazeti, na kile kilichotokea kweli.

Monkees walikuwa akina nani?

Vijana wanne: Micky Dolenz, Davy Jones, Michael Nesmith na Peter Tork. Walikusanywa Los Angeles ili waigize kwenye kipindi cha vichekesho kuhusu bendi changa inayohangaika kutafuta kazi. Kituo cha NBC kilianza kukirusha tarehe 12 Septemba 1966 na kikaisha Machi 1968, baada ya sehemu 58. Mwaka 1967 kilipata tuzo ya Emmy ya kipindi bora cha vichekesho. Nyimbo zao tatu zilishika namba moja Marekani, na albamu zao nne za mwanzo zote zilikaa kileleni mwa chati ya Billboard.

Hiyo historia ya kubuni ilikuwa ipi hasa?

Kwenye kipindi, Micky, Davy, Mike na Peter ni marafiki wanaoishi pamoja kwenye nyumba ya ufukweni. Kodi hawana. Mwenye nyumba, Bwana Babbit, anawasumbua kila mara. Wanapiga muziki popote wanapopewa nafasi, na kila wiki wanaingia matatani: majasusi, majambazi, binti wa kifalme ambaye Davy kampenda ghafla. Mkataba wa maana hawaupati kamwe.

Katika maisha halisi hakukuwa na nyumba ya ufukweni. Kulikuwa na seti ndani ya studio ya kurekodia vipindi. Hawakukua pamoja wala hawakuanzisha bendi. Walikutanishwa na watu wa televisheni, wakapewa mikataba, wakafundishwa kuigiza kwa kubuni papo kwa papo na mwongozaji James Frawley.

Kilichowachanganya watazamaji ni majina. Mwigizaji akiitwa jina lingine kwenye sinema, hata mtoto anajua kwamba ile ni hadithi. Hawa waliitwa majina yao wenyewe. Micky aliigiza Micky, Peter akaigiza Peter, tena akaigizishwa kama mjinga mpole, ilhali kati ya wanne wale hakuna aliyejua kupiga vyombo vingi kuliko yeye. Halafu unatoka kutazama kipindi, unaenda dukani, unakuta santuri yenye sura zilezile na majina yaleyale. Mtoto wa miaka kumi angejuaje mpaka uko wapi?

Na kuna jambo ambalo mimi halijawahi kunitoka akilini: kwenye televisheni walikuwa bendi isiyofanikiwa kamwe, na wakati huohuo, nje ya televisheni, ndio waliokuwa wakiuza kuliko karibu kila mtu.

Walipatikanaje?

Watayarishaji wawili, Bob Rafelson na Bert Schneider, waliweka tangazo kwenye magazeti ya Daily Variety na The Hollywood Reporter, Septemba 1965. Walitaka wanamuziki wanaoweza kuigiza, "vijana wanne wendawazimu" wenye umri wa miaka 17 hadi 21. Waliojitokeza walikuwa 437.

Ajabu ni kwamba kati ya wanne waliochukuliwa, Nesmith peke yake ndiye anayesemekana kuja kwa sababu ya tangazo. Tena alikuwa na miaka 22, yaani umri wa tangazo ulikuwa umeshampita. Alifika amevaa kofia ya sufu, na kofia hiyo ikawa alama yake mpaka mwisho. Davy Jones, mzaliwa wa Manchester ambaye aliwahi kufunzwa kuendesha farasi wa mashindano, alikuwa tayari ana mkataba na kampuni iliyotengeneza kipindi. Alikuwa ameshateuliwa kuwania tuzo ya Tony kwa uigizaji wake Broadway. Usiku wa 9 Februari 1964, Beatles walipotokea kwa mara ya kwanza kwenye kipindi cha Ed Sullivan, Davy naye alikuwapo katika orodha ya wasanii wa usiku ule, akiwa na kundi lake la tamthilia. Dolenz alikuwa mtoto wa televisheni tangu zamani, akiigiza kijana wa sarakasi. Na Tork alikuwa mpiga gitaa na banjo kwenye vilabu vya Greenwich Village, New York. Aliyempendekeza ni rafiki yake Stephen Stills, ambaye mwenyewe alikuwa amefanya majaribio hayohayo bila kuchukuliwa.

Ni kweli Charles Manson, yule kiongozi wa kundi la wauaji, alifanya majaribio akakataliwa?

Si kweli. Wakati wa majaribio Manson alikuwa gerezani, na hakutoka mpaka 1967. Uvumi huu unarudiwa kila mwaka. Tafadhali usiusambaze.

Kwa nini jina lao limeandikwa kimakosa?

Si kosa. Neno la Kiingereza la nyani au kima huandikwa tofauti kidogo, na waliligeuza makusudi kwa kufuata mtindo wa Beatles na Byrds, ambao nao waliharibu tahajia za mende na ndege.

Walikuwa wanapiga vyombo wenyewe au la?

Hili ndilo swali lenyewe, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Kwenye albamu mbili za kwanza, sauti ni zao. Vyombo, kwa sehemu kubwa sana, si vyao. "Last Train to Clarksville", kibao chao cha kwanza, kilitungwa na Tommy Boyce na Bobby Hart, na waliopiga ni bendi ya watunzi hao. Micky alikuja kuimba juu ya muziki uliokwisha kurekodiwa. Nesmith aliruhusiwa kusimamia nyimbo zake chache, na humo Tork akapenyezwa kupiga gitaa. Zaidi ya hapo walifungiwa mlango.

Msimamizi wa muziki alikuwa Don Kirshner wa New York, mtu mwenye sikio kali mno la kutambua wimbo utakaouza. Chini yake walikuwapo watunzi kama Carole King, Gerry Goffin na Neil Diamond. Wapenzi wa muziki wa dansi wanaielewa hali hii bila kuelezwa sana: mwenye vyombo ndiye mwenye bendi, na mwanamuziki ni wa kuja na kuondoka. Kirshner alikuwa mwenye vyombo.

Sasa, kupigiwa vyombo na watu wa kukodiwa lilikuwa jambo la kawaida kabisa Los Angeles miaka ile. Byrds waliporekodi kibao chao cha kwanza, Roger McGuinn peke yake ndiye aliyepiga chombo chake, waliobaki wakashikiwa nafasi zao na wapigaji wa studio. Beach Boys nao walitegemea wapigaji haohao kwa kiasi kikubwa kwenye nyimbo zao bora. Kwa nini basi lawama zikawaangukia Monkees? Kwa sababu wao walionekana kila wiki kwenye televisheni wakijifanya wanapiga. Na kwa sababu aliyeitoa siri hadharani alikuwa mmoja wao. Mwanzoni mwa 1967 Nesmith aliliambia jarida la Saturday Evening Post kwamba muziki ule haukuwa wao na kwamba kuwauzia watu hivyo ni kukosa uaminifu. Watu wanasahau hilo. Hawakufumaniwa, walijisema.

Hadithi ya Nesmith kutoboa ukuta kwa ngumi ni ya kweli?

Ni ya kweli. Januari 1967 albamu ya pili iliingia madukani bila wao kujua. Walikuwa ziarani, wakaikuta inauzwa kama mteja mwingine yeyote anavyoikuta. Jalada lilikuwa na picha yao wakiwa wamevaa nguo za tangazo la maduka ya JCPenney. Nyuma ya jalada Kirshner aliandika maneno mengi ya kuwasifu watunzi wake, na wenye sura mbele ya jalada wakatajwa kwa kupitiwa tu.

Mwezi huohuo waliitwa kwenye hoteli ya Beverly Hills, kwenye nyumba ndogo iliyo ndani ya viwanja vya hoteli, wakapewa hundi zao za mauzo. Fedha nyingi, na vijana wenyewe ni wa miaka ishirini na kitu. Nesmith hakutaka hundi. Alitaka wapige muziki wao, la sivyo anaacha kazi. Mwanasheria wa kampuni akamshauri akausome tena mkataba wake. Nesmith akainuka, akaupiga ukuta ngumi mpaka ukatoboka, akamwambia yule mwanasheria kwamba lile tundu lingeweza kuwa uso wake.

Muda si mrefu Kirshner akatoa wimbo mwingine Canada bila idhini, kinyume na makubaliano kwamba upande mmoja wa santuri uwe na kazi ya bendi yenyewe. Februari 1967 alifukuzwa. Upande ule ukawekwa wimbo wa Nesmith.

Walipoachiwa, walifanya nini?

Walirekodi Headquarters. Kama kuna albamu ninayoipenda kwa moyo wote katika habari hii, ni hii.

Nesmith alimwendea Chip Douglas, mpiga besi wa The Turtles, akamwomba awe prodyuza wao. Douglas hakuwahi kutayarisha albamu. Wakaingia studio za RCA, Hollywood. Dolenz alikaa kwenye drams. Kumbuka huyu ni mwigizaji aliyefundishwa drams kwa sababu ya televisheni, maana Davy, ambaye alizijua zaidi, alikuwa mfupi mno na kamera isingemwona nyuma ya ngoma. Tork alihama kutoka kinanda kwenda banjo, kutoka banjo kwenda gitaa. Nesmith alipiga gitaa la kawaida na lile la chuma la kulazwa. Davy alishika matari na manyanga. Sehemu nyingi za besi zilipigwa na Douglas.

Isikilize kwa makini, hasa drams. Pigo la Micky linakimbia kidogo mbele, kisha linajirudisha, kama mtu anayeshuka mlima akijizuia. Mpigaji wa kukodiwa asingeiachia ipite. Wao waliiacha, na ndiyo inayonifanya niamini kila dakika ya santuri ile. Vipande vya mchezo navyo walivibakiza: sauti nne zinazosema maneno yasiyohusiana, zikipandana mpaka zinavurugika.

Albamu ilitoka Mei 1967 ikashika namba moja. Ilikaa wiki moja tu, kisha Beatles wakaja na Sgt. Pepper's na kuisukuma hadi namba mbili. Kushushwa na albamu ile si aibu kwa mtu yeyote.

Kwa hiyo baada ya hapo walipiga kila kitu wenyewe?

Hapana, na mashabiki wenzangu wanaosema hivyo wanawaongezea sifa wasiyoihitaji. Dolenz alichoka na drams. Kwenye albamu iliyofuata, Pisces, Aquarius, Capricorn & Jones Ltd., drams nyingi zilipigwa na Eddie Hoh. Tofauti ni kwamba safari hii wao ndio waliochagua nani aingie studio. Albamu hiyo ni kati ya za mwanzo kabisa za muziki wa pop kutumia Moog, kinanda kinachounda sauti kwa umeme, na Dolenz alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kukinunua. Mwaka ule wa 1967 albamu nne za bendi hii zilikaa namba moja Marekani ndani ya mwaka mmoja.

Jukwaani je?

Jukwaani walikuwa wao wanne, tangu onyesho lao la kwanza Honolulu, Desemba 1966. Anayesema walikuwa wanaigiza kupiga jukwaani hajasikiliza rekodi za ziara ya 1967. Ni mbichi, ina kelele, na makosa yanasikika wazi.

Jimi Hendrix kweli aliwafungulia onyesho?

Ndiyo. Julai 1967, kuanzia Jacksonville, Florida. Ni wao waliomtaka: Dolenz alikuwa amemwona New York, na baadaye kwenye tamasha la Monterey. Lakini ukumbi ulijaa wasichana wadogo waliokuja kumwona Davy, na Hendrix akiwa katikati ya wimbo, wao wanapiga kelele za kumwita Davy. Alivumilia maonyesho machache, kisha akajitoa walipokuwa New York.

Magazeti yaliandika kwamba aliondolewa kwa sababu chama cha wanawake wazalendo wa Marekani kililalamika kwamba uchezaji wake haukuwa na adabu. Maelezo hayo yalitungwa kama utani na mwandishi Lillian Roxon, na wengi wakayameza. Yaani hata walipofanya jambo la kweli kabisa, bado walitungiwa kisa.

Ni kweli waliuza kuliko Beatles na Rolling Stones kwa pamoja?

Hapana, na asili ya uongo huu inafurahisha. Mwaka 1977 Nesmith alihojiwa na mwandishi wa habari nchini Australia. Kwa maelezo yake mwenyewe ya baadaye, alimwambia kabisa mwandishi kwamba atamdanganya, kisha akamtajia santuri milioni 35, zaidi ya makundi yale mawili yakijumlishwa. Likachapishwa. Tangu hapo limenakiliwa kwenye vitabu na makala bila idadi. Waliuza sana, hilo halina ubishi, ila namba hiyo ni ya mdomoni mwa Nesmith.

Ule wimbo wa kwenye katuni ya zimwi la kijani ni wao?

"I'm a Believer"? Ndiyo, ni wao kwanza. Wengi wetu tuliufahamu kupitia Shrek ya 2001, ulipoimbwa na Smash Mouth. Monkees waliutoa mwishoni mwa 1966, ukakaa namba moja Marekani kwa wiki saba. Mtunzi ni Neil Diamond na sauti ni ya Dolenz.

Na kwa kuwa tumefika kwenye nyimbo: "Last Train to Clarksville" unaonekana kama wimbo mwepesi wa kumwita mpenzi stesheni. Sikiliza mstari wa mwisho, kijana anasema hajui kama atarudi nyumbani tena. Bobby Hart alieleza kwamba walimfikiria askari anayekwenda Vietnam. Mwaka 1966, kwenye redio ya watoto! Hili nalisema kila ninapopata nafasi.

Beatles waliwaonaje?

Vizuri. John Lennon aliwafananisha na Marx Brothers, wachekeshaji wa sinema za zamani, na huenda hiyo ndiyo tathmini sahihi kuliko zote zilizoandikwa na wahakiki. Nesmith alialikwa studio London Februari 1967, usiku ule okestra iliporekodiwa kwa ajili ya "A Day in the Life". Dolenz naye alirudi kutoka kwenye sherehe ya Beatles akatunga "Randy Scouse Git". Kampuni ya rekodi ya Uingereza ilikiona kichwa hicho ni matusi, wakaombwa watafute kichwa mbadala. Wakauita hivyohivyo, "Alternate Title", na ukafika namba mbili.

Kulikuwa na bendi nyingine za kubuni miaka hiyo?

Kulikuwa nazo. Kirshner alipofukuzwa alihamia kwa The Archies, bendi ya vibonzo. Kibonzo hakidai mkataba wala hakitoboi ukuta. Wimbo wao "Sugar, Sugar", ulioimbwa na Ron Dante, ulishika namba moja 1969. Mwaka huohuo jarida la Rolling Stone lilichapisha uhakiki wa albamu isiyokuwapo, ya kundi liitwalo Masked Marauders, eti Dylan, Jagger, Lennon na McCartney wamejificha na kurekodi pamoja. Watu walivyoiulizia sana, wanamuziki wa Berkeley wakakodiwa wairekodi kweli, na ikauzwa.

Kisa kibaya ni cha The Zombies. Walivunjika mwishoni mwa 1967, na wimbo wao "Time of the Season" ukaja kupanda chati Marekani 1969 bendi ikiwa haipo. Wafanyabiashara wa Michigan wakatuma vikundi vya bandia vizunguke vikijiita Zombies. Kimoja, kutoka Texas, kilikuwa na Dusty Hill na Frank Beard, waliokuja kuwa nusu na zaidi ya ZZ Top. Hapo ndipo penye uongo wa kuumiza: jina la watu wengine, jasho la watu wengine. Monkees hawakuwahi kuiba jina la mtu.

Iliishaje?

Kipindi kilisimama 1968. Mwaka huo walitoa filamu, Head, iliyoongozwa na Rafelson na kuandikwa pamoja na Jack Nicholson. Ndani yake wanajiimba wenyewe kuwa ni sura iliyotengenezwa kiwandani. Mashabiki wadogo hawakuielewa, na watu wazima waliokusudiwa hawakuja kuitazama. Fedha zilizopatikana kutokana na Monkees zilisaidia kugharimia filamu ya Easy Rider mwaka uliofuata. Tork aliondoka mwishoni mwa 1968, Nesmith 1970.

Februari 1986 kituo cha MTV kilirusha vipindi vyao vya zamani mfululizo, na kizazi kipya kikawapenda. Wakarudi ziarani. Jones alifariki 2012, Tork 2019, Nesmith Desemba 2021. Amebaki Dolenz, ambaye 2022 aliishtaki FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ili aone jalada la uchunguzi walilofunguliwa miaka ya sitini. Naam, bendi ya kubuni ilikuwa na jalada la kweli.

Nianzie wapi kusikiliza?

Anza na Headquarters, kisha Pisces. Halafu tafuta "Daydream Believer" ya 1967, lakini ile ya kwenye albamu, kwa sababu ina sekunde chache za mazungumzo kabla ya muziki. Douglas anatangaza kwamba wanarekodi namba 7A. Davy hakusikia, anauliza ni namba gani. Studio nzima inamjibu kwa kelele: 7A! Davy analalamika kwamba wanamfokea kwa kuwa yeye ni mfupi. Kisha kinanda kinaanza, na hicho ni Peter Tork.